Karte ya grafiki ya dola 50: akiba ya watu inaliwa mchana Bunia

BUNIA – Kwenye meza za wauzaji wa vifaa vya ordinateri, kuanzia Bulvari ya Libération hadi pembeni ya soko kuu, kuna kisanduku cha rangi kali chenye picha ya joka au ya askari wa michezo ya video. Ndani yake mna karte ya grafiki, kile kibamba kinachochomekwa ndani ya mashine ili picha zitoke vizuri na kwa haraka. Muuzaji hana maneno mengi. Anasema: “Hii ni giga nne.” Mnunuzi anatoa dola 40, wakati mwingine 60, anatia kisanduku ndani ya mfuko mweusi na kurudi nyumbani akiamini kwamba mashine yake ya zamani imepata maisha mapya.

Mara nyingi haijapata kitu. Mara nyingine imepoteza hata kile ilichokuwa nacho.

Biashara hii, jinsi inavyoendeshwa, ni wizi unaofanyika mchana, mbele ya watu, na kwa risiti. Kinachoudhi zaidi ni kwamba kila inapotokea hasara, lawama inabebeshwa mnunuzi: eti hakuuliza, eti hakusoma, eti alitaka vya bei ya chini. Lawama hiyo lazima irudishwe mahali pake.

Kwanza, anayenunua karte hizi ni nani? Mtoto wa tajiri anaagiza mashine mpya kutoka Dubai. Anayenunua karte ya zamani kwa ajili ya mashine ya zamani ni kijana anayefanya montaji ya video za harusi na matanga, ni mwenye studio ndogo ya nyimbo za kanisa kule Mudzi Pela, ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia au cha Shalom anayechora mipango ya nyumba. Tena ni kijana aliyefika mjini na familia yake wakikimbia mapigano ya Djugu au Irumu. Shamba lilibaki nyuma, ng'ombe walibaki nyuma. Montaji ni kazi inayoweza kufanyika kwenye kona ya chumba cha ndugu aliyewapokea, na harusi hazijaisha Bunia hata wakati wa vita. Kwa kijana huyo mashine ndiyo shamba.

Chukua mfano wa akina mama kumi katika kambi ya Kigonze wanaocheza likelemba ya dola 5 kila mwezi. Ni mfano tu, lakini hesabu yake inajulikana na kila aliyewahi kuweka jina lake kwenye daftari la kikundi. Mama wa kwanza anapokea dola 50. Anampa mtoto wake, kwa sababu mtoto amesema kwamba bila karte mashine inaganda kila anapounganisha video. Karte inakufa wiki ya pili. Mama bado ana miezi tisa ya kulipa dola 5 kwa wenzake, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumsamehe, maana kila mmoja ana zamu yake aliyoipangia unga, sabuni na minervali ya watoto. Kwa hiyo mtu akisema “ni kakitu kadogo ka dola 50”, ajue anazungumzia miezi kumi ya maisha ya mtu.

Sasa twende kwenye hizo giga.

Giga nne zinazotangazwa ni ukubwa wa kumbukumbu ya karte. Si nguvu yake. Kambini watu wanalijua jambo hili vizuri kuliko wauzaji: tangi la maji linaweza kuwa kubwa kama nyumba, lakini likiwa na bomba moja jembamba, foleni ya bidoni haisogei. Karte ya bei ya chini ni tangi kubwa lenye bomba jembamba, na wauzaji wanataja tangi tu.

Watengenezaji wenyewe wamesaidia mchezo huu. Mwaka 2014 kampuni NVIDIA ilitoa karte iliyoitwa GeForce GT 730. Chini ya jina hilo moja zilikuwemo karte za aina tatu: moja yenye viini 96 vya kizazi cha zamani kilichoitwa Fermi, na mbili zenye viini 384 vya kizazi kilichofuata cha Kepler, moja ikiwa na kumbukumbu ya polepole ya DDR3 na nyingine kumbukumbu ya kasi ya GDDR5. Jina moja, kisanduku kinafanana, vitu vitatu tofauti. Miaka michache baadaye ikarudiwa. GeForce GT 1030 ilitoka Mei 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha giga 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatokea nyingine yenye jina lile lile, safari hii na DDR4, inayopitisha giga 16.8 tu. Jina halikubadilika. Atakayesema mnunuzi wa Nyakasanza angejuaje, wakati tofauti iko kwenye herufi chache zilizoandikwa ubavuni mwa kisanduku, huyo amesema kweli.

Hapa kuna jambo ambalo lingepaswa kuandikwa kwenye kila meza ya mafundi. Mashine nyingi za ofisi za miaka ya 2012 na 2013 zilizojaa Bunia, kama Dell OptiPlex 7010 na HP Compaq Elite 8300, zina grafiki ya Intel ndani ya prosesa yenyewe. Grafiki hiyo inakopa kumbukumbu ya RAM. Ukiweka vipande viwili vya RAM ya DDR3 ya 1600 kwenye nafasi zinazofaa, badala ya kimoja, njia inakuwa mbili na zinapitisha hadi giga 25.6 kwa sekunde. Linganisha na giga 16.8 za GT 1030 ya DDR4, au giga 14.4 za GT 730 ya DDR3 yenye njia ya biti 64. Karte ina viini vyake, na kwa kazi fulani bado itaizidi grafiki ya ndani. Lakini bomba lake ni jembamba kuliko lile ambalo mashine ingepata kwa kuongezewa kipande kimoja cha RAM, na kipande hicho kingeisaidia mashine nzima: montaji, kuandika, intaneti, vyote. Hakuna muuzaji anayesema hivyo, kwa sababu kipande cha RAM iliyotumika hakina joka kwenye kisanduku.

Na montaji yenyewe? Hapa ndipo mtu analia. Kazi inayomchosha kijana wa harusi ni dakika za mwisho, pale video iliyokamilika inapopaswa kufinywa ili iingie kwenye flashi au itumwe kwa WhatsApp. Tangu Januari 2011 prosesa nyingi za Intel za Core zina kifaa maalumu ndani yake kinachofanya kazi hiyo, kinaitwa Quick Sync. Karte ya GT 1030 haina kifaa cha kufinya video. Hata Radeon RX 6400 na RX 6500 XT za kampuni AMD, zilizotoka Januari 2022 na zinazoonekana mpya machoni, hazina. Na mashine nyingi, ukichomeka karte, zinazima grafiki ya ndani zenyewe mpaka mtu aingie kwenye mipangilio ya BIOS kuiwasha tena, pale inapowezekana. Maana yake kijana analipa dola 50 au zaidi ili kuondoa kwenye mashine yake kifaa kilichokuwa kinamfanyia kazi bure. Halafu anaambiwa tatizo ni mashine yake kuzeeka.

RX 6500 XT ina ubaya mwingine kwa mashine za zamani. Inatumia njia nne tu za tundu la karte, na ilitengenezwa kwa matundu ya kizazi cha nne. Ikichomekwa kwenye mashine yenye tundu la kizazi cha tatu, kila njia inapitisha nusu. Kwenye tundu la kizazi cha pili, robo. Na karte yenye giga nne, kumbukumbu yake inapojaa, ndipo inapozihitaji njia hizo zaidi. Kwa hiyo aliyeinunua kwa ajili ya mashine ya 2011 amenunua gari la mbio na kulipeleka kwenye barabara ya Djugu wakati wa mvua.

Hayo yote ni ya karte za kweli. Kuna pia za uongo.

GeForce GTX 1050 Ti ilitoka Oktoba 2016 kwa bei ya dola 139 huko Marekani. Ni karte nzuri kwa mashine za zamani, kwa sababu inatumia wati 75 na nyingi hazihitaji waya wa ziada. Umaarufu huo ndio uliozaa matapeli. Wanachukua karte za 2010 na 2011, kama GTS 450 na GTX 550 Ti, zenye viini 192 badala ya 768, wanabadilisha programu iliyoandikwa ndani yake ili ijitaje “GTX 1050 Ti, giga nne”, wanaweka feni mpya na kisanduku kipya. Ukiiwasha, mashine inasoma jina la uongo na kulionyesha. Mnunuzi anaona kwa macho yake mwenyewe kwenye ekrani: giga nne. Kumbe kumbukumbu iliyomo mara nyingi ni giga moja. Kazi inapozidi kiasi hicho, picha zinachanika, ekrani inakuwa nyeusi, mashine inajizima. Na siku atakapoweka piloti mpya za karte, yaani programu zinazoiongoza, karte itakataa kabisa, kwa sababu piloti zinatafuta kitu ambacho hakimo.

Udanganyifu huu si siri. Ulienea dunia nzima kupitia masoko ya mtandao hadi, Oktoba 2018, programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z, toleo 2.12.0, ikaongezewa uwezo wa kuzitambua karte nyingi za NVIDIA za namna hiyo na kuandika neno FAKE mbele ya jina lake, yaani ya uongo. Programu hiyo inaingia kwenye flashi yoyote, haihitaji intaneti ili ifanye kazi, haihitaji hata kusakinishwa. Ni dakika mbili. Kuna pia alama za macho: karte za kizazi cha GTX 1050 Ti hazitoi tena picha kwa njia ya VGA ya zamani, kwa hiyo ukiona jina hilo kwenye karte yenye tundu la bluu la VGA, irudishe mezani kabla muuzaji hajamaliza kuhesabu pesa.

Katikati ya kweli na uongo kuna ya tatu, iliyo na ujanja wa kiwandani. Oktoba 2018 AMD ilitoa kwa soko la China karte iitwayo RX 580 2048SP. RX 580 tunayoijua ina viini 2304. Hii ina 2048, idadi ile ile ya RX 570. Kwenye kisanduku RX 580 imeandikwa kwa herufi kubwa, na 2048SP ndogo, au haimo kabisa. Nyingi za karte za aina ya RX 570 na 580 zilifanya kazi usiku na mchana katika mashine za kuchimba sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ikaacha kuchimbwa kwa karte za grafiki, na wachimbaji wakazimwaga sokoni. Karte iliyochimba si lazima iwe imekufa. Lakini feni zake zimechoka, gundi yake ya kupitisha joto imekauka, na katika vumbi la Bunia la mwezi wa kwanza haina uvumilivu mrefu. Muuzaji anayeijua historia hiyo na kuiita “mpya” amesema uongo, hakuna jina lingine.

Neno moja kuhusu dhahabu. Meno ya karte ya grafiki, yale yanayoingia kwenye tundu, yanapakwa dhahabu nyembamba ili yasiliwe na kutu. Jimbo linalochimba dhahabu Mongbwalu kwa majembe na mikono linanunua dhahabu kutoka ng'ambo ikiwa imebandikwa kwenye takataka za wengine. Tuendelee.

Kuna suala la umeme, na hapa hata mnunuzi aliyepata karte ya kweli anaweza kuumia. Tundu la karte linatoa wati 75, si zaidi. Karte kubwa inahitaji waya wa ziada kutoka kwenye alimentasio, lile boksi la umeme lililomo ndani ya mashine. OptiPlex 7010 ndogo ina alimentasio ya wati 240. Elite 8300 ndogo vilevile. RX 580 kamili peke yake inapangiwa wati 185. Prosesa ya Core i5-3470 inapangiwa 77. Jumla 262, kabla ya kuhesabu diski na feni. Fundi anayechomeka karte hiyo kwa waya wa kuungaunga kutoka kwenye fishi za diski anaweka moto ndani ya nyumba ya mtu. Hata ile GTX 1050 Ti ya uongo iliyotengenezwa kwa GTS 450 inadai wati 106, ingawa kisanduku kinasema 75.

Zaidi ya hayo, kuran ya Bunia haitulii. Inakatika, inarudi kwa nguvu, inakatika tena. Wengi kambini na kwenye vitongoji wanatumia pano za jua na betri. Betri moja ya volti 12 na amperi 100 ina takriban wati-saa 1200, na wanaojali betri zao hawatumii zaidi ya nusu, yaani 600. Wati 75 za ziada kwa saa sita ni wati-saa 450. Karte peke yake imekula robo tatu ya umeme wa siku, kabla taa haijawashwa na kabla majirani hawajaleta simu zao za kuchaji. Hakuna muuzaji anayeuliza mnunuzi: nyumbani unatumia nini, kuran, grupe au jua? Swali hilo moja lingeokoa watu wengi.

Ukubwa wa mashine, hilo linaeleweka haraka: mashine nyembamba zinataka karte fupi yenye kibati kifupi, na aliyeuziwa ndefu anaishia kuacha mashine wazi, vumbi na panya wakiingia wapendavyo. Ekrani za zamani zenye VGA peke yake zinahitaji kigeuzi chenye saketi ndani, ambacho nacho kina bei. Na mashine nyingine zenye BIOS ya zamani haziwaki kabisa zikiwekewa karte mpya: ekrani nyeusi, feni zinazunguka, basi.

Umri wa piloti nao haupaswi kufichwa. NVIDIA iliacha kutengeneza piloti mpya za kawaida kwa kizazi cha Fermi mwezi Aprili 2018. Kwa kizazi cha Kepler iliacha Oktoba 2021, na marekebisho ya usalama yakaisha Septemba 2024. Matoleo mapya ya programu za montaji kama DaVinci Resolve hayazikubali karte hizo za Fermi. Bado zinauzwa kama mpya, ndani ya plastiki.

Wauzaji wana majibu yao, na ni haki yajibiwe.

Wanasema: nasi tunanunua Kampala katoni zimefungwa, hatujui kilichomo. Inawezekana ni kweli. Bidhaa zinapanda kutoka Uganda, zinavuka Mahagi au Aru, au zinapita ziwa Albert hadi Kasenyi na Tchomia, na barabara ya kitaifa namba 27 ni ile ile ambako magari yameshambuliwa mara nyingi. Mfanyabiashara aliyefikisha mzigo wake salama amehatarisha pesa na pengine roho. Hilo liheshimiwe. Lakini asiyejua kilichomo ndani ya katoni anakosa haki ya kumwambia mteja “hii ni giga nne, ni kali, haina shida”. Achague: ama hajui, na aseme hajui na ashushe bei, ama anajua, na abebe neno lake.

Wanasema pia: bei yenyewe inajieleza, mtu anatoa dola 50 anategemea nini? Jibu hili ni la dharau. Kwa mwenye mshahara wa dola elfu, 50 ni pesa ya jaribio. Kwa mama wa likelemba ni mtaji wote. Umaskini wa mnunuzi haujawahi kuwa ruhusa ya kumdanganya, na bei ya chini si tangazo la uongo.

Halafu kuna kile kikaratasi kilichobandikwa ukutani: bidhaa iliyouzwa hairudishwi. Wengi wanakiogopa kama sheria. Sheria inasema mengine. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba, ambayo hadi leo ni sehemu ya sheria ya kiraia ya Kongo, inamwajibisha muuzaji kwa kasoro zilizofichika zinazoifanya bidhaa isifae kwa kazi iliyonunuliwa. Muuzaji anaweza kujilinda kwa kusema mapema kwamba hatoi garanti, lakini ulinzi huo ni wa yule ambaye kweli hakujua. Aliyejua kasoro analazimika kurudisha pesa na kulipa hasara aliyosababisha. Mnunuzi naye asikae miezi sita ndipo adai. Sheria inataka adai ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo risiti isiandikwe “karte 1, dola 50”. Iandikwe jina kamili, aina ya kumbukumbu, idadi ya giga, na neno “imejaribiwa” au “haijajaribiwa”. Ni kweli, nani ataenda mahakamani kwa dola 50? Karibu hakuna. Lakini risiti ya namna hiyo ikipelekwa mbele ya chifu wa kartie au mbele ya chama cha wafanyabiashara, mazungumzo yanabadilika.

Ofisi zinazotoza pesa mipakani nazo zina deni. OCC ipo kwa ajili ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Hakuna anayedai kila karte ifunguliwe Mahagi. Lakini kuchukua moja katika kila katoni, kuichomeka na kusoma inachosema, ni kazi ya nusu saa, na mwagizaji tayari amelipia huduma ya ukaguzi.

Mafundi hawawezi kuachwa nje. Wapo waaminifu wengi Bunia, watu wanaofufua mashine kwa chuma cha kulehemu na subira. Lakini fundi anayepewa kitu na muuzaji kwa kila mteja anayemleta hawezi tena kuitwa mshauri. Fundi wa kweli, kabla ya kutaja karte, anafungua mashine na kusoma alimentasio, anahesabu vipande vya RAM, anauliza kazi gani inafanyika. Kwa mashine nyingi za zamani atasema jambo lisilo na utamu: ongeza RAM, badilisha diski dure kwa SSD, safisha vumbi. Diski dure ya zamani inasoma karibu mega 100 kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA, karibu 500. Mtu wa montaji anaihisi tofauti hiyo siku ile ile. Na mashirika yanayofungua vyumba vya mafunzo kwa vijana waliohama, yakileta mashine kumi za zamani na kuondoka, yafundishe pia jambo hili. Kumfundisha kijana kukata video bila kumfundisha kununua kifaa ni kumpeleka sokoni akiwa amefungwa macho.

Haraka inahitajika, kwa sababu wimbi lingine liko njiani. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache sana za kabla ya hapo. Ofisi za Ulaya na Marekani zinaondoa mashine zisizotimiza masharti hayo, na njia ya mashine za namna hiyo inajulikana: Mombasa, Kampala, kisha huku. Maneno ya kuuzia nayo ni rahisi kuyatabiri: nunua karte hii, mashine yako itakubali Windows 11. Ni uongo. Karte ya grafiki haibadilishi prosesa wala haileti chipu ya TPM. Mashine iliyokataliwa kwa sababu hizo itabaki imekataliwa hata ikivishwa karte ya dola 300.

Kinachodaiwa kwa wauzaji si kikubwa. Waweke mashine moja ya kujaribia juu ya meza, ikiwa wazi, na ekrani, na flashi yenye GPU-Z. Mteja aone jina, viini, aina ya kumbukumbu, kisha video ichezwe robo saa mbele yake kabla pesa haijabadili mkono. Baadhi yao watasema vifaa hivyo ni gharama. OptiPlex ya zamani, ekrani na flashi: vyote vitatu viko rafuni nyuma yao, vimebandikwa bei.